Mayday: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kilio cha Kifaransa kwenye redio za dunia nzima

Anayejifunza redio ya baharini huuliza maswali yale yale kila mara, na anayetazama filamu za ndege huuliza mengine. Hapa yamewekwa pamoja. Yanaanza na neno lenyewe, yanaingia baharini, yanapanda angani kidogo, kisha yanafika kwenye yale ya pembeni. Kama kesho unaingia baharini na huna muda, anza na swali la 8 hadi la 13, historia utaisoma ukirudi.

## Neno lenyewe

1. "Mayday" maana yake nini hasa?

Ni wito wa redio unaotamkwa kwa mdomo, na una maana moja tu: chombo au watu waliomo wako katika hatari kubwa iliyokwisha kufika au iliyo karibu sana, na wanahitaji msaada sasa hivi. Mambo mawili lazima yawepo pamoja, yaani hatari kubwa na uharaka. Injini iliyozima bahari ikiwa shwari, na nanga imeshika, si mayday. Injini ile ile ikizima huku mkondo unakupeleka kwenye mwamba, hiyo ni mayday. Kilicho katikati kina neno lake, tazama swali la 9.

2. Limetoka wapi, na nani alilileta?

Limetoka Kifaransa, lakini aliyelipendekeza ni Mwingereza. Frederick Stanley Mockford alikuwa mkuu wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, kusini mwa London, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo sehemu kubwa ya ndege za Croydon zilikuwa zikienda na kurudi Le Bourget, uwanja wa Paris. Ndege zilikuwa zimeanza kubeba redio za sauti, na rubani aliyepata matatizo juu ya mlango wa bahari unaotenganisha Uingereza na Ufaransa aliweza kusikiwa na Mwingereza au na Mfaransa. Lilitakiwa neno ambalo wote wawili wangelinasa mara moja, hata redio ikikoroma.

Mockford akachukua sauti ya maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidie" na kuyaandika jinsi sikio la Mwingereza linavyoyasikia. Februari 1923 magazeti ya London yalitangaza kuwa wito huo mpya utachukua nafasi ya SOS kwenye redio za sauti za ndege. Mwaka 1927 mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington ukaupitisha kuwa wito rasmi wa sauti wa dunia nzima, baharini na angani.

3. Ni "m'aidez" au "m'aider"? Kila mahali naona tofauti.

Masikioni ni kitu kimoja, yote mawili yanasikika "mede". Kisarufi "m'aidez" peke yake ina kasoro, kwa sababu Mfaransa anayeamrisha husema "aidez-moi". "M'aider" inakaa vizuri ukiichukua kama kipande cha "venez m'aider", yaani "njooni mnisaidie". Mkataba wa 1927 wenyewe ulieleza kwamba mayday ni matamshi ya Kifaransa ya "m'aider", kwa hiyo ukibishana na mtu una karatasi ya kumwonyesha. Msomaji wa Bukavu, Goma au Bujumbura, aliyesoma shule kwa Kifaransa, huenda alishalifumbua fumbo hili siku nyingi.

4. Je, lina uhusiano na Mei Mosi?

Hapana, hata kidogo. Waingereza huiita sikukuu ya Mei Mosi kwa maneno mawili yanayotamkwa sawasawa na wito huu, ndiyo maana watu huchanganya. Sikukuu huandikwa kwa maneno mawili, wito huandikwa kwa neno moja. Mockford alikuwa akitafuta sauti, hakuwa na habari ya kalenda wala ya maandamano ya wafanyakazi.

5. Basi Wafaransa wenyewe wakiwa hatarini wanasema nini?

Wanasema mayday, na kwa matamshi yale yale ya Kiingereza. Neno lilitoka kwao, likavuka maji, likavalishwa tahajia ya kigeni, likarudi nyumbani likiwa mgeni. Rubani Mfaransa akisema "aidez-moi" redioni atakuwa anaongea Kifaransa kizuri, lakini hatakuwa ametoa wito rasmi wa hatari.

6. Kwa nini hawakuendelea na SOS?

SOS ilitengenezwa kwa ajili ya Morse, yaani kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, bila kupumzika katikati. Ujerumani iliianza mwaka 1905, mkutano wa Berlin wa 1906 ukaipa hadhi ya kimataifa, na ikaanza kutumika rasmi 1908. Meli ya Titanic, mwaka 1912, ilituma SOS pamoja na wito wa zamani wa CQD. Herufi zenyewe si kifupisho cha chochote. Hadithi kwamba zina maana ya "okoa roho zetu" kwa Kiingereza zilitungwa baadaye.

Kwa sauti, herufi hizo ni dhaifu. Herufi S ikitamkwa kwa Kiingereza kwenye simu mbovu husikika kama F, na hiyo ndiyo sababu iliyotolewa mwaka 1923. SOS haikufa, lakini. Tochi inaweza kuimulika usiku leo hii na kila baharia ataielewa. Tazama swali la 22.

7. Si ingekuwa rahisi kusema tu "msaada"?

Neno la kawaida lina shughuli nyingi. Redioni kuna mtu anaomba msaada wa kujua bei ya samaki ya leo, mwingine anaomba msaada wa kusukumwa boti ifike gatini, wa tatu anamtania mwenzake. Msikilizaji aliyezoea maneno hayo hawezi kushtuka kila yanapopita. Mayday haina kazi nyingine duniani. Ukiacha sikukuu ya Mei Mosi, kwa Mwingereza wa 1923 halikuwa neno la mazungumzo yake ya kila siku, na ugeni huo ndio uliolifanya lifanye kazi. Ukilisikia kwenye chaneli, yanayofuata ni kunyamaza na kushika kalamu.

## Kulitumia baharini na ziwani

8. Kwa nini linasemwa mara tatu?

Kwanza, redio hukata. Mara nyingi mtu huanza kusema kabla hajabonyeza kitufe sawasawa, na silabi za mwanzo hupotea. Ukisema mara tatu, walau moja itapita. Pili, mara tatu hutenganisha wito halisi na maongezi yanayoutaja tu. Mtu anayesimulia "jana nilisikia mayday" amelitaja mara moja, na hakuna atakayegeuza meli kwa ajili yake.

9. Nitumie lini mayday, na lini "pan-pan"? Na ile "securite" ni nini?

Hizi ni ngazi tatu, na zote tatu zimetoka Kifaransa.

Mayday ni ya juu kabisa, kama ilivyoelezwa katika swali la 1: chombo kinazama, kinaungua, kimepinduka, mtu ameanguka majini na hamumwoni.

Pan-pan imetoka kwenye "panne", kuharibika kwa chombo. Wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi na Bukavu wanalo neno hilo tayari, gari likizima njiani wanasema lina pane. Wito huu hutumika pale jambo linapohitaji kushughulikiwa haraka lakini roho za watu haziko hatarini kwa sasa. Injini imekufa nawe uko salama kwenye nanga, usukani umekatika upepo ukiwa mdogo, abiria ana maumivu makali na unahitaji ushauri wa daktari. Hutamkwa kwa jozi tatu: pan-pan, pan-pan, pan-pan.

Securite ni neno la Kifaransa la usalama, nalo pia husemwa mara tatu, kwa matamshi ya "sekyuritee". Hutangulia taarifa kwa wengine: gogo kubwa linaelea njiani, taa ya boya imezimika, dhoruba inakuja. Anayelitoa haombi chochote.

Ukijikuta unasitasita kati ya mayday na pan-pan, na kuna watu ndani, mimi nasema toa mayday. Kuishusha baadaye ni sentensi moja tu (swali la 19). Nahodha anayeona aibu kusumbua watu huchelewa, na maji hayamsubiri amalize kuona aibu.

10. Wito wenyewe unatolewaje, neno kwa neno?

Redio ya VHF, ile ya kawaida ya vyombo vya majini, iwashwe, iwekwe chaneli 16, ambayo ni masafa ya megahezi 156.8, na nguvu iwekwe juu. Redio iliyofungwa chomboni hutoa wati 25, lakini nyingi zina kitufe cha kushusha hadi wati 1 kwa maongezi ya bandarini, na watu husahau kukirudisha. Bonyeza kitufe cha kuongelea, vuta pumzi moja, kisha sema polepole kama unayemsomea mtu anayeandika. Kweli kuna mtu anaandika.

Mfano, kwa boti ya kubuni iitwayo Amani:

"Mayday, mayday, mayday. Hii ni boti Amani, Amani, Amani. Mayday, Amani. Niko maili nne kaskazini ya mnara wa taa wa Nungwi. Maji yanaingia chumba cha injini, pampu imeshindwa, tunazama. Naomba msaada wa haraka. Tuko watu ishirini na sita, watoto wanne. Wote wamevaa majaketi okozi. Boti ni nyeupe, ina mstari wa buluu. Ova."

"Ova" maana yake nimemaliza, nangoja jibu. Halafu achia kitufe. Hili linaonekana dogo, lakini mkono wenye hofu hukamata kipaza sauti na kuendelea kukibana, na ukikibana husikii jibu, na wengine kwenye chaneli hawawezi kuongea.

Mpangilio una sababu yake. Mahali pametangulia kwa sababu redio ikizimika baada ya sentensi hiyo, waokoaji wana pa kuanzia. Kama una GPS, soma latitudo na longitudo tarakimu moja moja. Kama huna, taja umbali na upande kutoka kitu kinachojulikana na kilichomo kwenye ramani. "Karibu na pale tulipovua juzi" hapafai. Kisha hutajwa kilichotokea, kisha aina ya msaada, kisha idadi ya watu.

Idadi ya watu ndiyo inayokosewa zaidi kwetu, na tuna historia nayo. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, watu zaidi ya 800 walikufa, na hadi leo hakuna anayejua kwa hakika walipanda wangapi. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 200. Muokoaji akiambiwa watu ishirini na sita huendelea kutafuta mpaka ishirini na sita watimie. Asipoambiwa, hajui lini aache. Hesabu watu kabla ya kung'oa nanga, wakati wa mayday huo muda hutaupata.

Usipojibiwa, subiri kidogo, rudia. Rudia tena.

11. Nani anasikiliza upande wetu?

Meli kubwa zinazopita hutakiwa kusikiliza chaneli 16, na boti nyingi za abiria na za watalii huiacha wazi. Nchi kavu, Mombasa kuna kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji baharini kilichoanza kazi 2006, na Dar es Salaam kuna kituo cha uratibu kilicho chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Bandari nazo zina redio.

Lakini VHF husafiri kwa mstari ulionyooka na haiinami sana kufuata mviringo wa dunia. Redio ya mkononi ukiwa umekaa ndani ya mashua hufika maili chache tu. Antena iliyo juu ya mlingoti hufika mbali zaidi, na mnara wa pwani ulio kilimani humsikia mtu wa mbali kuliko boti mwenzake. Ndiyo maana mara nyingi anayejibu kwanza ni chombo kilicho jirani nawe.

12. Naweza kutoa mayday kwa Kiswahili?

Neno mayday libaki vile vile, hilo ndilo linalofungua masikio ya Mgiriki na Mfilipino kwenye meli ya kontena. Maelezo yanayofuata yaseme kwa lugha unayoimudu. Karibu na pwani yetu, mtu atakayekufikia kwanza huenda ni nahodha anayezungumza Kiswahili, na maelezo ya wazi kwa Kiswahili ni bora kuliko Kiingereza kinachokwama katikati.

Ukiwa mbali, kwenye njia ya meli kubwa, Kiingereza kinahitajika. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 2001 maneno sanifu ya mawasiliano ya meli, mafupi kwa makusudi, ili mtu mwenye Kiingereza cha kuombea maji aweze kuyakariri. Andika wito wako kwenye kadi kwa lugha zote mbili, ibandike pembeni ya redio, acha nafasi ya kujaza mahali na idadi. Kuna manahodha wa miaka mingi wenye kadi hiyo, na hawacheki wanapoulizwa ni ya nini.

13. Na kile kitufe chekundu chenye kifuniko?

Redio mpya zina wito wa kidijitali. Ukiinua kifuniko na kubana kitufe kwa sekunde kama tano, redio hutuma ujumbe wa hatari kwenye chaneli 70 pamoja na namba ya utambulisho wa chombo, yenye tarakimu 9, na mahali ulipo kama GPS imeunganishwa. Redio za aina hiyo kwenye vyombo vilivyo karibu hulia king'ora. Baada ya hapo nenda chaneli 16 utoe mayday kwa sauti kama kwenye swali la 10. Kitufe hakichukui nafasi ya sauti, kinawaamsha watu tu.

Ila kabla ya kukitegemea, hakikisha namba hiyo imeingizwa kwenye redio. Redio iliyonunuliwa dukani na kufungwa bila kusajiliwa huwa na kitufe kizuri chekundu kisichotuma kitu.

14. Nina simu ya mkononi. Haitoshi?

Simu humpata mtu mmoja, tena kama mtandao upo na kama anapokea. Redio husikiwa na wote walio karibu kwa wakati mmoja, na walio karibu ndio wanaoweza kukufikia. Waokoaji wanaweza pia kufuata mawimbi ya redio yako wakajua uko upande gani. Simu hupenda maji kidogo kuliko redio ya baharini.

Hata hivyo tuseme ukweli: wavuvi wengi wa Ziwa Victoria, Tanganyika na hata pwani hawana VHF, wana simu. Kwao simu ndiyo mayday. Iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, piga mapema mtandao ungali unashika, na sema kwa mpangilio ule ule: mahali kwanza, kilichotokea, idadi ya watu. Tanzania namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya polisi ni 112. Usimpigie ndugu halafu ukangoja yeye ndiye atafute wa kumpigia.

## Angani

15. Marubani hulitumiaje?

Kwa kanuni zile zile: mara tatu, jina la ndege, tatizo, anachotaka kufanya, mahali na kimo, watu na mafuta yaliyobaki. Kwa kawaida rubani hulisema kwenye masafa anayozungumza nayo wakati huo, kwa kuwa muongoza ndege tayari anamsikia. Masafa ya dharura, megahezi 121.5, ni ya asiye na mtu wa kuongea naye. Anaweza pia kuweka namba 7700 kwenye kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na alama yake kwenye kioo cha muongoza ndege ikaanza kuonyesha dharura. Namba 7600 ni redio kufa, 7500 ni utekaji.

16. Ni kweli ndege iliwahi kuanguka kwa sababu marubani hawakutamka neno?

Ajali haina sababu moja, lakini hii ndiyo inayofundishwa zaidi. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca, safari namba 52, ilikuwa ikitoka Colombia kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikazungushwa angani ikisubiri kwa zaidi ya saa moja, mafuta yakawa yanakwisha. Rubani msaidizi aliwaambia waongoza ndege kuwa wanahitaji kupewa kipaumbele, baadaye akasema mafuta yanawaishia. Kapteni, kwa Kihispania, alimtaka atangaze dharura. Neno mayday halikutoka, wala neno dharura lenyewe.

Kwa waliokuwa wakiwasikiliza, siku ile ndege nyingi zilikuwa na mafuta machache na kila mmoja alitaka kutua mapema. "Kipaumbele" kilikuwa ombi kama maombi mengine. Ndege ilijaribu kutua ikashindwa, ikaambiwa izunguke, injini zikazima moja baada ya nyingine, ikaanguka Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158 walikufa 73. Haikuungua, kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kuungua.

Baadaye kanuni za kimataifa za anga zikaweka lugha yake mahususi. Rubani anayeona atatua na mafuta chini ya akiba ya mwisho anatakiwa kusema wazi "mayday" mara tatu pamoja na neno la mafuta. Hakuna tena nafasi ya kuomba kwa adabu.

17. Na je, likitamkwa na lisisikike?

Hutokea, na ndiyo sababu ya kulirudia. Safari namba 1549 ya US Airways, iliyotua Mto Hudson tarehe 15 Januari 2009 na watu wote 155 wakatoka hai, ina mfano wake. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kina sauti ya Kapteni Sullenberger akisema mayday mara tatu. Lakini wakati huo huo muongoza ndege alikuwa akiongea, sauti zikagongana, na upande wa nchi kavu kilichosikika ni yaliyofuata: tumegonga ndege wenye manyoya, injini zote mbili zimepoteza nguvu, tunarudi. Ona pia kwamba alitaja namba ya safari yake kimakosa, 1539. Hakuna aliyemsahihisha, maana tatizo na mahali vilikuwa wazi.

## Mambo ya pembeni

18. Nimesikia mayday ya mtu mwingine. Nifanye nini?

Nyamaza kwanza, andika unachosikia, hasa mahali na saa. Subiri kidogo uone kama kituo cha nchi kavu au chombo kikubwa kinajibu. Kikijibu, kaa kimya ila kama uko karibu na unaweza kusaidia.

Kisipojibu, wewe ndiye jibu. Mjibu aliye hatarini kwamba umepokea, kisha upeleke wito wake mbele: sema "mayday relay" mara tatu, jina la chombo chako, kisha maelezo yake kama alivyoyasema. Usianze moja kwa moja na mayday yako kana kwamba wewe ndiye unayezama, waokoaji watakuja kwako badala ya kwake.

Ukisikia mtu akisema "silonsi mayday", hicho ni Kifaransa tena, neno la kunyamaza kwa matamshi yake ya asili: chaneli imefungwa kwa ajili ya mkasa, usiongee. "Silonsi fini" ni ruhusa ya kurudi kwenye shughuli za kawaida.

19. Nilitoa mayday, kisha tatizo likaisha. Naona haya.

Rudi kwenye chaneli ile ile, taja jina la chombo chako, sema mayday imefutwa na sababu yake. Kama tatizo limepungua tu, ishushe iwe pan-pan. Hakuna muokoaji anayechukia kuambiwa arudi nyumbani. Anachokichukia ni kukaa usiku kucha akimulika maji kwa ajili ya mtu aliyekwishafika gatini na kwenda kulala.

20. Mtoto alichezea redio akasema mayday. Tutashtakiwa?

Kosa la bahati mbaya likifutwa mara moja, kama kwenye swali la 19, huwa linaishia hapo. Wanaofanya makusudi ni habari nyingine. Marekani, kwa mfano, anayetoa wito wa uongo wa hatari anaweza kufungwa hadi miaka 6, kutozwa faini ya hadi dola 250,000 na kulipia gharama zote za msako. Ukali huo una sababu: helikopta iliyo kwa mwongo haiko kwa anayezama.

21. Sina leseni ya redio. Naruhusiwa kuigusa?

Katika hatari ya kweli, ndiyo. Kanuni za kimataifa za redio zinasema wazi kwamba hakuna kifungu kinachomzuia aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyo nayo kuita msaada. Nahodha akizimia na wewe ni abiria, chukua kipaza sauti. Ukipanda boti ndogo, muulize nahodha redio iko wapi na inawashwaje. Akikukasirikia kwa swali hilo, pima kama unataka kusafiri naye.

22. Niko kwenye ngalawa, sina redio wala simu. Mayday yangu ni ipi?

Mayday ni neno la redio, lakini kanuni za kuzuia migongano ya vyombo baharini za 1972 zimeorodhesha ishara nyingine zenye uzito ule ule. Fataki nyekundu, moshi wa rangi ya machungwa, honi inayopigwa bila kukoma, tochi inayomulika SOS: tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi.

Na ile isiyohitaji chombo chochote: simama ukiwa imara, nyoosha mikono yote miwili pembeni, iinue na kuishusha polepole, rudia tena na tena. Mikono yote miwili. Anayepunga mmoja, watalii wa boti ya pili watampungia na wao, wakidhani wanasalimiwa.